Kinga ya Shari: sifa zake na kosa lake moja

Ndugu zangu wa chama, hapa tumezoea kuchambua vitabu, sinema na hotuba za wakubwa. Leo naomba ruhusa nichambue baiskeli. Moja tu. Iko Shari, na mi ndiye niliyeinunua, kwa hiyo mjue mapema kwamba sina macho ya mtu baki.

Ni mountain bike ya zamani yenye magurudumu ya inchi 26, niliyoipata Kampala katika rundo la mitumba, ikapanda juu ya basi mpaka Goli, halafu Mahagi, halafu Bunia. Jina la kampuni limefutika. Kwenye bomba la kiti ilibaki stika ndogo inayosema kwamba ni chuma cha kromoli, yaani chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdeni. Uma wa mbele hauna springi. Kwa dalili hizo nilikisia ni ya mwisho wa miaka ya 1980 au mwanzo wa 1990. Ndoto yangu ilikuwa kuirudisha jinsi ilivyotoka kiwandani: rangi ileile, gia zote 21, kila skrubu mahali pake. Mdogo wangu aliyebaki Shari angeitumia, nami kila vakansi ningeiangalia na kufurahi.

Mdogo wangu aliizunguka mara mbili, akauliza: "Yaya, iko muzuri sana. Lakini itabeba nini?"

Swali hilo ndilo kipimo nitakachotumia katika uhakiki huu. Kwetu kinga haiulizwi inakimbia vipi. Inaulizwa inabeba nini, kwa barabara gani, na inarudi vipi. Barabara zetu mnazijua: udongo mwekundu, wakati wa jua vumbi, wakati wa mvua sabuni. Mizigo yetu mnaijua pia: makaa, mihogo, ndizi, madumu ya mafuta, na mama mgonjwa ikibidi.

Basi tukaipeleka kwa fundi. Ana banda la mabati kando ya barabara, hana katalogi wala kompyuta. Ana sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Kila fremu inayoletwa kwake, kwanza anaigusa kwa sumaku. Ikishika, ni chuma, anaipokea. Isiposhika, ni aluminiamu, anakuambia uende nayo mbele. Nilidhani ni ushamba, kumbe ni usomi. Aluminiamu haikubali kuchomelewa kwa mashine na vijiti vya chuma tulivyozoea, na hata anayeweza kuichomelea anaipunguzia nguvu kwa lile joto. Fremu ya chuma ikipasuka Shari, inapona Shari. Ya aluminiamu ikipasuka Shari, ndiyo mwisho wake.

Nilimwachia kazi miezi kadhaa. Niliporudi, sikuitambua. Rangi ilikuwa ya geti la nyumba. Gia za mbele zimetoka. Nyuma kuna portabagaji ya ferabeto, ile nondo ya kujengea, nzito kama kitanda. Hasira ilinipanda, nikasema moyoni: ameniharibia.

Ilibidi nitulie na kukumbuka historia ya kitu chenyewe. Wengi wetu tunadhani mountain bike ilizaliwa kiwandani. Hapana. Miaka ya 1970, huko Marin, California, vijana walichukua baiskeli nzito za zamani, Schwinn za miaka ya 1930 na 1940 zenye matairi manene, wakateremka nazo milimani. Breki ilikuwa ya kukanyaga pedeli kinyumenyume. Mbio zao, zilizoanza mwaka 1976, ziliitwa Repack, maana ukifika chini grisi ya ndani ya kitovu cha gurudumu ilikuwa imeungua na ikabidi kupakia nyingine. Gary Fisher na wenzake wakaanza kuokoteza: gia kutoka baiskeli hii, breki za ngoma kutoka ile, mikono ya breki kutoka pikipiki. Mwaka 1977 Joe Breeze akatengeneza fremu iliyokusudiwa kazi hiyo, Tom Ritchey naye akaingia, na mwaka 1981 Specialized wakaleta Stumpjumper, ya kwanza kuuzwa kwa wingi madukani.

Maana yake nini? Babu wa kinga yangu alikuwa mtumba uliounganishwa kwa vipuri vya kila ukoo. Anayesema kwamba fundi wa Shari ameivunjia heshima mountain bike kwa kuichanganya asome kwanza habari hiyo. Mi nilikuwa mmoja wao. Nilitaka kulinda asili ya kitu ambacho asili yake ni kuchanganywa.

Sasa tuingie ndani, kipande kwa kipande.

Gia kwanza. Fundi ametoa magurudumu mawili ya meno ya mbele akabakiza moja, la katikati. Nyuma ameacha meno saba. Ule mkono wa gia unaolia "klik" ameutupa, akaweka wa zamani unaoteleza bila klik, unaousogeza mwenyewe mpaka usikie cheni imekaa. Nilipomwuliza, alijibu: "Ile ya klik inapenda familia yake tu." Ni kweli kabisa. Mkono wa klik unavuta kamba kwa kipimo maalum, kwa hiyo meno, kamba na kile chuma kinachohamisha cheni vyote lazima viafikiane. Ule wa kuteleza hauna ubaguzi. Kipuri chochote utakachookota sokoni, utakipatanisha nacho. Hapo nampa fundi alama zote.

Magurudumu. Sokoni kwetu matairi ya 28 ndiyo mengi, yale ya baiskeli ndefu nyeusi. Ningekuwa mimi, ningelazimisha magurudumu ya 28. Isingewezekana: rimu ya 26 ina kipenyo cha milimita 559, ile ya 28 ya zamani milimita 635. Gurudumu kubwa lisingeenea kwenye uma, na raba za breki zingekuta spoku, si rimu. Fundi hakuijua namba yoyote kati ya hizo, alipima kwa macho na kwa kijiti. Tena anajua kwamba gurudumu dogo lenye spoku fupi linavumilia mzigo kuliko kubwa. Akabakiza 26.

Uma. Hapa aibu ni yangu. Nilikuwa nimenunua uma wa springi, wa mtumba, unaong'aa, nikitaka tuuweke mbele uwe mapambo. Fundi aliukataa. Uma ule ni mrefu kuliko wa asili, ungeinua pua ya kinga na kubadilisha namna inavyogeuka. Vumbi letu lingekula raba zake za ndani. Na mtu anayesukuma mzigo mkubwa kwa mguu, mkono mmoja kwenye usukani, hataki sehemu ya mbele inayobonyea kila shimo. Uma wa springi umebaki nyumbani umeegemea ukuta. Ndiyo mapambo kweli.

Portabagaji ni jambo gumu zaidi. Kasoro kubwa ya mountain bike kama mbebaji ni ufupi wake wa nyuma. Ilichongwa ili mtu apande kilima haraka akiwa peke yake. Ukiweka gunia nyuma, uzito unaangukia nyuma ya ekseli, na kwenye kilima gurudumu la mbele linataka kuruka. Tom Ritchey yuleyule wa California aliliona hilo jirani yetu: alizuru Rwanda mwishoni mwa 2005, akaona watu wanavyobeba kwa baiskeli na kwa vile vyombo vya mbao ambavyo Goma tunaviita chukudu, na katika mradi wa Project Rwanda akatoa baiskeli ya wakulima wa kahawa yenye nyuma ndefu. Fundi wetu hakuweza kurefusha fremu. Alichofanya ni kusogeza portabagaji mbele mpaka karibu na kiti, na kuegemeza miguu yake kwenye ekseli badala ya kwenye mabomba membamba ya juu. Ni jibu la nusu, lakini nusu ya kweli. Uzito unashuka moja kwa moja kwenye gurudumu, fremu inapumua.

Mpaka hapo, ndugu zangu, ningemaliza kwa makofi. Ndivyo tunavyofanya mara nyingi. Tunapiga picha ya kinga iliyobeba milima ya magunia, tunaandika chini yake "ubunifu wa Mwafrika", tunaendelea na kahawa yetu.

Lakini angalieni breki ya nyuma. Haipo.

Fremu za aina hii zina vinundu viwili vya chuma vilivyochomelewa kiwandani kwenye mabomba ya nyuma. Hivyo ndivyo vinavyoshika mikono ya breki. Fundi alivisaga akavimaliza kwa sababu vilizuia miguu ya portabagaji. Akabakiza breki ya mbele tu, yenye raba iliyochoka na kamba ya okazioni.

Kosa hilo ni la mantiki kabla ya kuwa la mikono. Ziko njia mbili za heshima. Baiskeli ya Buffalo, inayotolewa na World Bicycle Relief katika nchi nyingi za Afrika, ilijengwa juu ya breki ya kukanyaga kinyumenyume: hakuna kamba ya kukatika, hakuna raba ya kuliwa na matope. Bei yake ni kwamba haiendi pamoja na gia za kuhamisha cheni, maana ukikanyaga nyuma, cheni inavuta kile chuma kinachoihamisha na kukiharibu. Ukichagua gia, basi umechagua breki za rimu, na lazima ziwe mbili, tena zitunzwe. Fundi alichukua gia za njia moja na unyamavu wa njia nyingine. Akabaki na kinga inayopanda vizuri kuliko zote pale Shari, na isiyojua kushuka.

Na wale vijana wa Marin, tukumbuke, mbio zao zilipewa jina na breki iliyoungua. Jambo la kwanza mlima ulilowafundisha lilikuwa kusimama.

Siandiki haya kwa nadharia. Siku moja mdogo wangu alikuwa anateremka kuelekea mtoni na magunia mawili ya makaa. Kamba ya mbele ikakatika. Aliingiza kandambili kati ya tairi la nyuma na fremu, kama wanavyofanya wote, na kandambili ikaisha kama karoti kwenye kikwaruzo. Chini walikuwa wanapita mama wawili na mitungi ya maji. Akachagua mtaro. Goti lake mpaka leo likisikia baridi linamkumbusha. Makaa yalimwagika, wale mama walimsaidia kuokota.

Jioni ile watu walisema, "Ni bahati mbaya." Mi nikajiuliza: je, ni bahati, au kuna mtu angesema mapema na hakusema? Mtu huyo ni mimi. Niliiona kinga ile bila breki ya nyuma kwa macho yangu. Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa nimetoka tu kuona aibu kwa kumdharau fundi, nikaogopa kuonekana tena msomi anayejidai.

Sisi tuliopita chuoni tuna magonjwa mawili mbele ya kazi ya mikono. La kwanza ni dharau: huyu hana diploma, atajua nini? La pili linajifanya dawa ya la kwanza, nalo ni sifa za bure: kila alichokifanya mtu wa kwetu ni hekima, usikiguse. Yote mawili yana mzizi mmoja, kwamba hatukuiangalia kazi. Kitabu cha mwenzetu tunakisoma ukurasa kwa ukurasa, tunamwambia hapa umepatia, hapa hoja yako imevunjika, naye anashukuru hata kama ameuma meno. Kwa nini fundi asipewe heshima hiyo?

Nikarudi bandani. Nikamwambia, "Papa, nimekuja na maneno ya sifa na neno moja la lawama." Nikaanza na sifa zote nilizowaandikia hapo juu, kwa utaratibu, halafu nikamweleza breki. Alinyamaza muda mrefu akigeuza sumaku yake mkononi. Halafu akasema: "Watu wote wananiambiaka kazi muzuri, fundi, kazi muzuri. Hakuna mwenye aliniambiaka kama inaweza kuua."

Kazi yenyewe ilichukua siku mbili. Alitafuta fremu nyingine iliyokufa, akakata vinundu vyake, akaweka gurudumu mahali pake ili apate pale raba inapokutana na rimu, akaviunga kwa shaba na moto wa gesi. Alikataa mashine ya umeme, akasema bomba hili ni jembamba, umeme utalitoboa. Miguu ya portabagaji aliipinda nje kwa upana wa vidole viwili. Vidole viwili tu! Nafasi ilikuwepo tangu mwanzo. Kamba na raba tulinunua mpya, ndicho kitu pekee kipya kwenye kinga nzima.

Hukumu yangu, basi: ni kazi nzuri, iliyokuwa na kosa moja kubwa, na sasa imesahihishwa na mwandishi wake mwenyewe. Rangi ya geti bado siipendi. Kwenye mabomba ya kinga nyingine mbili zinazongoja pale bandani, niliona vinundu vya nyuma havijasagwa.