Baada ya Amina

Huku kwetu hadithi ya saratani huwa na sura tatu tu. Ya kwanza ni bango la mchango: picha ya mgonjwa akitabasamu, nambari ya M-Pesa, tarehe ya harambee. Ya pili ni ushuhuda: mtu amesimama mbele ya kanisa, maikrofoni mkononi, Mungu amemponya, watu wanapiga makofi, Amina. Ya tatu ni tanzia. Nimewaandikia watu zote tatu, nyingine kwa malipo, kwa hivyo najua vile zinajengwa. Na zote zina kasoro moja. Zinaisha mapema.

Mdogo wangu alitoa ushuhuda akiwa na miaka 17. Alikuwa ametoka kutibiwa Hodgkin, saratani ya mfumo wa limfu. Kemotherapi kwanza, halafu mionzi ya shingo na kifua. Grupu ya WhatsApp ya mchango ikafungwa wiki hiyo hiyo. Mimi nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo imeenda kwa matibabu, na sikujuta. Si hadithi ilikuwa imeisha vizuri?

Miaka minne baadaye akawa mtu wa kulala tu. Anaamka saa nne na bado amechoka. Ananenepa na hata hali vizuri. Anavaa jaketi Nairobi, mwezi wa Januari, jua likiwaka. Nyumbani tukamwita mvivu, na wa kwanza kumwita hivyo ni mimi.

Ni wakati huo nilinunua Autobiography of a Face kwa muuza vitabu wa kando ya barabara. Lucy Grealy alikichapisha mwaka wa 1994. Alizaliwa Dublin, akalelewa Marekani, na akiwa na miaka 9 akapatikana na sakoma ya Ewing, saratani ya mfupa, kwenye taya. Wakamkata karibu theluthi ya taya, kisha ikafuata miaka zaidi ya miwili ya mionzi na kemotherapi. Akapona. Mtu wa ushuhuda angefunga daftari hapo. Grealy bado ana kurasa nyingi mbele.

Kwa sababu sasa madaktari wanataka kumjengea taya upya. Wanachukua kipande kutoka sehemu nyingine ya mwili, wanakipandikiza usoni, anasubiri uvimbe ushuke aone amekuwa nani. Halafu polepole kile kipande kinapotea, mwili unakifyonza. Wanajaribu tena. Kinapotea tena. Maishani mwake alifanyiwa operesheni kama 30.

Shida ilikuwa mionzi. Mionzi haichagui seli za saratani peke yake. Inaharibu pia mishipa midogo ya damu pale ilipopita, na nyama isiyopata damu ya kutosha haiwezi kulisha kitu kipya. Mfupa wa mtoto ukipigwa, unaweza kubaki nyuma wakati mingine inakua. Mashine ilizimwa Grealy akiwa bado mtoto, lakini kazi yake ikaendelea hadi akawa mtu mzima.

Niliposoma mara ya kwanza nilichoshwa na marudio. Operesheni, matumaini, kioo, aibu, operesheni nyingine. Nikajiuliza, kwani mhariri alikuwa wapi? Mara ya pili nikaelewa kwamba marudio ndiyo habari yenyewe. Anatuchosha kidogo ili tujue yeye alichoka kiasi gani, na anafanya hivyo bila kutuomba machozi. Kuna mahali anavaa kinyago cha Halloween na kutembea nje bila woga, kwa sababu usiku huo kila mtu ana uso wa bandia. Anasimulia tu, halafu anaendelea.

Linganisha na The Fault in Our Stars ya John Green, ile wengi wetu tulisoma kwa simu tukilia chini ya blanketi. Hazel anasafiri hadi Amsterdam kumuuliza mwandishi nini kilitokea baada ya kitabu anachokipenda kukatika katikati. Swali ni zuri sana. Lakini riwaya yenyewe haimwonyeshi hata mmoja wa vijana wake akifika miaka 30, akiamka na mwili ulioponywa lakini haujarudi ulivyokuwa. Huyo msomaji hajamwona bado.

Lakini hata Grealy namlaumu kwa kitu kimoja. Kitabu kinaisha akiwa mkahawani, hatimaye yuko tayari kutazama sura yake kwenye kioo cha dirisha. Ni mwisho mtamu na mimi siuamini. Hiyo ni Amina ya watu wa fasihi. Maishani operesheni ziliendelea, na rafiki yake Ann Patchett, kwenye Truth & Beauty ya 2004, anaonyesha jinsi hata kula kulivyokuwa kazi. Grealy alifariki Desemba 2002 akiwa na miaka 39, kwa sababu ya heroini. Sisemi mionzi ndiyo ilimuua. Nasema kitabu kilitafuta mlango wa kutokea, kama sisi wote, na mwili wake haukuwa na mlango huo.

Hata hivyo ni kitabu hicho kilinifundisha swali. Kliniki tuliyokuwa tukienda walimpima mdogo wangu malaria, wakampa vitamini. Safari ya nne nikawaambia: huyu alichomwa mionzi shingoni. Kipimo kimoja cha damu kikaonyesha tezi ya thairoidi imelegea. Hili hutokea mara nyingi kwa waliopigwa mionzi ya shingo, na linaweza kujitokeza miaka mingi baadaye. Sasa anameza kidonge kimoja kila asubuhi. Nilipomwomba msamaha alijibu tu, "Si nilikushow."

Mionzi ilisaidia kumwokoa, na ningeikubali tena kesho. Lakini moyo wake utahitaji kuangaliwa, kwa sababu madhara ya mionzi ya kifua huweza kuchukua miaka 10 au 20 kuonekana. Angekuwa msichana, miongozo ya Marekani ingetaka aanze kupimwa matiti akiwa na miaka 25, au miaka 8 baada ya mionzi, kutegemea ipi inakuja baadaye. Hakuna bango la mchango linaloandika hayo, na kanisani hakuna anayeyauliza.

Kwa hivyo kisome, pamoja na mwisho wake. Na kama kuna mtu kwenu alitibiwa kwa mionzi akiwa mdogo, muulize ilipita wapi, mwaka gani, kisha muandike mahali pasipopotea.