Sauti, Ukatili na Dhima ya Anayeshirikisha: Riwaya ya Stieg Larsson Inaposikilizwa na Kundi la Wasomaji

Ikisiri

Makala haya yanahakiki riwaya ya uhalifu ya Stieg Larsson, ambayo kwa Kiswidi inaitwa Män som hatar kvinnor, yaani "Wanaume Wanaowachukia Wanawake", na kwa Kiingereza The Girl with the Dragon Tattoo. Riwaya inachunguzwa katika hali moja mahususi: inapopokelewa kwa njia ya kitabu cha sauti na wasomaji wanaoshirikishana. Hoja kuu ni kwamba sauti iliyorekodiwa humpunguzia msikilizaji udhibiti wa kasi ya masimulizi, na papo hapo humnyima msimulizi uwezo wa kuiona hadhira yake. Pengo hilo halijazwi na mwandishi wala na msomaji wa kitabu studioni, bali na yule anayekishirikisha. Kwa hiyo, neno lake la utangulizi linastahili kuhakikiwa kama sehemu ya utendaji.

1.0 Utangulizi

Makala haya yalichochewa na tukio dogo. Wasomaji wanne, mwandishi akiwa mmoja wao, walikubaliana kuisikiliza riwaya hii, kila mmoja kwa nakala yake halali, na kukutana kila Jumamosi kuijadili. Mwandishi ndiye aliyeipendekeza. Aliitambulisha kwa sentensi moja tu: kwamba ni kisa cha upelelezi kuhusu msichana aliyetoweka kisiwani. Maelezo hayo yalikuwa ya kweli. Juma la tatu msomaji mmoja hakufika. Baadaye alieleza kwamba sura ya shambulio la wakili Bjurman ilimkuta ndani ya daladala, vipokea sauti masikioni, mkono mmoja umeshika chuma na mwingine mzigo. Kwa msongamano uliokuwamo hakuweza kuitoa simu mfukoni, akaisikiliza sura hiyo hadi mwisho. Hakulalamika kwamba riwaya ni mbaya. Alilalamika kwamba hakuambiwa.

Lalamiko hilo linaweza kujibiwa kwa njia mbili rahisi. Ya kwanza ni kusema kwamba kitabu cha namna hiyo hakifai kushirikishwa. Ya pili ni kusema kwamba msomaji mtu mzima hujilinda mwenyewe. Makala haya yanazikataa zote mbili. Ya kwanza inaihukumu riwaya kwa kuwamo kwa ukatili bila kuuliza ukatili huo unafanya kazi gani. Ya pili inachukulia kwamba kusoma na kusikiliza ni tendo moja, jambo ambalo si kweli.

2.0 Riwaya na Mgogoro wa Wahakiki

Larsson, aliyekuwa mwandishi wa habari, alifariki Novemba 2004, na riwaya ikachapishwa nchini Uswidi mwaka 2005. Msuko wake una nyuzi mbili. Katika uzi wa kwanza, mwanahabari Mikael Blomkvist anaajiriwa na mzee Henrik Vanger kuchunguza kutoweka kwa Harriet, binti wa ukoo huo, mwaka 1966. Katika uzi wa pili, Lisbeth Salander, mtafiti kijana mwenye kipaji kikubwa, yuko chini ya usimamizi wa kisheria. Msimamizi wake wa kwanza anapopatwa na kiharusi, nafasi hiyo inachukuliwa na wakili Nils Bjurman, ambaye anayatumia mamlaka yake juu ya fedha za Salander kumdhalilisha na hatimaye kumbaka. Nyuzi hizo zinakutana katika ufichuzi wa mauaji ya wanawake yaliyotendwa kwa miaka mingi.

Mgogoro unaoizunguka kazi hii unajulikana. Upo mtazamo kwamba Larsson anaushutumu ukatili dhidi ya wanawake, na upo mtazamo kwamba anaufanya kuwa burudani kwa kivuli cha kuushutumu. Wenye mtazamo wa kwanza hutaja takwimu zinazofungua kila sehemu ya riwaya kuhusu wanawake wa Uswidi: asilimia 18 waliowahi kutishwa na mwanamume, asilimia 46 waliofanyiwa ukatili, asilimia 13 walioshambuliwa vibaya kingono nje ya uhusiano wa kimapenzi, na asilimia 92 ya walioshambuliwa kingono ambao hawakuripoti polisi shambulio la karibuni zaidi. Wenye mtazamo wa pili hutaja urefu na undani wa mandhari ya mateso. Mjadala huu kwa kawaida huendeshwa kana kwamba riwaya ni maandishi pekee. Sehemu inayofuata inaonyesha kwamba njia ya upokezi hubadilisha uzito wa ushahidi wa kila upande.

3.0 Kasi: Kinachopotea na Kinachopatikana

Msomaji wa ukurasa ana uhuru ambao mara nyingi hautambui. Jicho hukimbia, huruka aya, hutazama sura inaishia wapi, kisha huamua. Sikio halina uwezo huo kwa kiwango kilekile. Msikilizaji anaweza kusimamisha au kusogeza mbele, lakini lazima kwanza atende kwa mkono, na hawezi kujua amevuka kiasi gani mpaka asikie tena. Toleo la Kiingereza lililosomwa na Simon Vance lina urefu wa takriban saa 16. Ndani ya saa hizo, dakika za shambulio hazina alama yoyote inayozitofautisha na dakika za mazungumzo ya biashara.

Sauti pia ni moja. Msomaji yuleyule ndiye Salander, ndiye Bjurman, ndiye msimulizi. Katika maandishi, maneno ya mtesaji huwekwa ndani ya alama za kunukuu na jicho huyaona kama ya mtu mwingine. Katika sauti yanatoka katika kinywa kilekile ambacho msikilizaji amekizoea na kukiamini kwa saa nyingi. Athari hii inaonekana zaidi pale Martin Vanger anapofichuliwa kuwa muuaji. Mtu aliyesikika mwanzoni kama mwenyeji mwenye adabu anaeleza matendo yake kwa utulivu uleule. Sauti inaithibitisha dhamira ya riwaya kwamba ukatili hauna lahaja yake, bali huzungumza kama jirani.

Takwimu, kwa upande mwingine, hudhoofika. Katika kitabu kilichochapishwa, asilimia 92 imekaa peke yake kwenye ukurasa na msomaji anaweza kuirudia. Katika sauti inapita kwa sekunde chache, na msikilizaji anayeosha vyombo huenda asiisikie kabisa. Hivyo basi, ushahidi unaotegemewa zaidi na watetezi wa Larsson ndio unaopotea kwanza.

Hata hivyo, sauti inawapa watetezi hao ushahidi mwingine ulio bora zaidi. Baada ya shambulio la pili, riwaya haikimbilii kisasi. Inamwonyesha Salander akiwa kitandani kwa siku kadhaa, akiuguza maumivu na kupanga. Msomaji wa ukurasa mwenye hamu ya kuona Bjurman akilipizwa huvuka sehemu hiyo upesi. Msikilizaji hawezi kuivuka kwa urahisi huo, kwa kuwa sauti inaisoma kwa mwendo uleule, na siku zile za kitandani zinakaa. Kazi inayotafuta burudani tu haihitaji siku hizo. Kwa hoja hii, makala haya yanaona kwamba riwaya inayosikilizwa iko karibu zaidi na shutuma kuliko riwaya inayosomwa haraka. Lakini sifa hiyohiyo ya kutorukika ndiyo iliyomuumiza msomaji wa daladalani.

4.0 Fanani Asiyeiona Hadhira

Ruth Finnegan, katika utafiti wake wa mwaka 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alisisitiza kwamba kazi simulizi haikamiliki bila utendaji na hadhira. Walter Ong, mwaka 1982, alibainisha usimulizi wa upili, yaani ule unaotegemea maandishi na vyombo vya kisasa vya mawasiliano. Kitabu cha sauti ni usimulizi wa aina hiyo. Kina sauti ya fanani lakini hakina macho yake.

Tofauti hii inaeleweka vyema tukikumbuka mianzo ya ngano za Kiswahili. Mtambaji husema "Paukwa!" na hadhira hujibu "Pakawa!" Kwa kawaida mwito huu huelezwa kuwa ni wa kuvuta usikivu. Makala haya yanaongeza kwamba ni mwito wa kuomba ridhaa pia, kwani hadithi haianzi mpaka hadhira ijibu. Baada ya hapo mtambaji huendelea kuwatazama. Akiona mtoto ameingiwa na hofu, hufupisha, hugeuza sauti au huingiza wimbo. Zimwi hubaki katika ngano, ila hupimwa kwa kadiri ya walioketi.

Sauti iliyorekodiwa haiwezi kupima. Haijui kama anayesikiliza yuko chumbani peke yake au katikati ya abiria, wala haijui historia yake. Anayejua mambo hayo, angalau kwa sehemu, ni mtu aliyekipendekeza kitabu. Yeye si fanani kamili, kwa sababu hakukitunga wala hakukisoma, lakini ndiye pekee katika mnyororo huo anayeifahamu hadhira kwa majina. Kwa maana hiyo anarithi nusu ya kazi ya mtambaji, nayo ni kuita na kusubiri jibu.

5.0 Jina la Kazi na Neno la Utangulizi

Gérard Genette, katika kazi yake ya mwaka 1987, alionyesha kwamba jina, jalada, dibaji na mambo mengine yanayoizunguka matini huongoza upokezi wake. Riwaya hii ni mfano mzuri. Jina la Kiswidi linataja wazi kiini cha kazi, na kwa hiyo lenyewe ni tahadhari. Jina la Kiingereza linayaondoa macho kwa wanaume wenye chuki na kuyaelekeza kwenye mwili wa msichana na tatuu yake. Katika simu au kishikwambi, jina ndilo jambo la kwanza, na pengine la pekee, ambalo msikilizaji hulisoma kabla ya kubonyeza. Anayeshirikisha toleo la Kiingereza anakabidhi kazi iliyokwisha kuvuliwa onyo lake la asili.

Upungufu huo uliongezwa na neno "upelelezi". Msomaji wa Kiswahili aliyelelewa na Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla anatarajia kifo kilichokwisha kutokea, na Bwana Msa akifikiri huku kiko kikifuka moshi. Aliyelelewa na Kufa na Kupona (1974) ya Elvis Musiba anatarajia Willy Gamba akipambana na maadui walio na silaha kama yeye. Damu ipo, lakini ubakaji unaosimuliwa hatua kwa hatua haumo katika ahadi ya neno hilo. Maelezo ya mwandishi kwa wenzake yalikuwa ya kweli, lakini yaliahidi kitu kingine.

Pingamizi moja ni kwamba tahadhari huharibu taharuki. Katika riwaya hii pingamizi hilo halina nguvu. Fumbo lake ni nini kilimpata Harriet. Kuambiwa kwamba Salander atashambuliwa na msimamizi wake, na kwamba ni katika sura zipi, hakufichui chochote cha fumbo hilo. Pingamizi jingine ni kwamba kazi inayoshutumu ukatili inapaswa kumshtua msomaji, na kwamba kumwandaa ni kumbembeleza. Pingamizi hili ni zito zaidi, na jibu lake limo ndani ya riwaya yenyewe.

Salander aliurekodi ubakaji wa pili kwa kamera iliyofichwa katika begi lake. Anaporudi kwa Bjurman anamfunga na kumlazimisha aitazame rekodi hiyo, kabla ya kumchora tumboni tatuu inayotangaza uhalifu wake. Riwaya inakichukulia kitendo cha kulazimishwa kupokea ukatili bila uwezo wa kuuzima kuwa adhabu, nayo inampa adhabu hiyo mtenda kosa. Salander, kinyume chake, ndiye mwenye rekodi mkononi. Anachagua ni lini ichezwe na mbele ya nani. Msikilizaji ambaye hakuambiwa, na ambaye hawezi kuifikia simu yake, amewekwa katika kiti cha Bjurman. Msikilizaji aliyeambiwa na kuchagua anakaa upande wa Salander. Kwa hiyo tahadhari haipunguzi makali ya riwaya hii. Inamweka msikilizaji mahali ambapo riwaya yenyewe ingetaka akae.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kitabu cha sauti hupunguza nguvu ya takwimu za Larsson lakini huongeza uzito wa siku zinazofuata ukatili, na kwamba ongezeko hilo lina gharama kwa msikilizaji asiyeandaliwa. Gharama hiyo haipaswi kuachiwa mwandishi aliyekwisha kufariki wala msomaji wa studioni asiyeona. Inamhusu anayeshirikisha. Wajibu wake hauhitaji maneno mengi: ataje aina ya ukatili, ataje mahali ulipo, aeleze kwa nini anaona kazi inastahili kusikilizwa pamoja na hayo, kisha asubiri jibu.

Hoja hizi zimejengwa juu ya riwaya moja na toleo moja la sauti. Simulizi za uhalifu za Kiswahili zinazorekodiwa na kusambazwa kwa simu zinahitaji utafiti wake, hasa kuhusu namna wasomaji wake wanavyozitambulisha kabla ya kuanza. Ama msomaji yule wa nne, alirudi juma la tano baada ya kuelezwa yaliyosalia. Aliisikiliza sehemu ya mwisho akiwa nyumbani. Ndiye aliyetuonyesha zile siku za Salander kitandani, ambazo sisi wengine watatu tulizisikia bila kuzitia maanani.