Pongezi kwa Mabaharia wa Liemba

Ukiwa kijijini Wampembe, mji wa Sumbawanga uko mbali, juu kwenye nyanda za Ufipa, nalo Ziwa Tanganyika liko mlangoni. Kwa miongo mingi meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ilitia nanga mbali kidogo na ufuko, na mitumbwi ikaifuata na abiria, mahindi na dagaa. Mgonjwa, mzee au mama mwenye mtoto mgongoni alivutwa juu na mikono ya watu wasiomjua. Mwaka 1997 meli hiyo ilisaidia kuwarejesha Kongo maelfu ya wakimbizi. Mei 2015 ikawachukua wakimbizi Warundi waliokwama kijijini Kagunga, kusikofikika kwa gari, ikawapeleka Kigoma.

Wapo watakaosema: mabaharia hao walilipwa, shukrani ya nini? Hoja hiyo ina uzito, ila haitoshi. Nauli hulipia safari. Hailipii subira ya kumngoja anayeogopa mawimbi, wala mkono unaomshika asitumbukie. Wengine watasema serikali ijenge gati na barabara, tuache kusifu shida. Kweli, vijengwe. Lakini gati halimtambui aliyechoka. Anayemtambua ni mtu. Tenda wema nenda zako, wahenga walisema, usingoje shukrani. Usia huo ni wa mtenda, si wa mtendewa. Aliyevushwa ana deni, na njia bora ya kulilipa ni kumnyooshea mkono mgeni mwingine. Mabaharia na wapiga makasia, ahsanteni.