Bahari Katika Kitabu cha Mwalimu

Kisiwa cha Chumbe, ambacho miamba yake ya magharibi ilihifadhiwa mwaka 1994, kimekuwa darasa la wanafunzi wa Zanzibar. Huko mtoto hutumbukiza uso majini akatambua kuwa tumbawe, alilolijua kama jiwe la kuta za Mji Mkongwe, ni kazi ya viumbe hai wadogo. Lugha ya vitabu vya mafunzo hupimwa hapo. Mwongozo usemao "kasa" ukanyamaza humnyang'anya mwanafunzi ng'amba, jina alijualo babu yake mvuvi. Usemao maji kujaa na kupwa, bila bamvua wala maji mafu, umeacha nusu ya elimu ufukweni. Sayansi imeleta vipimo. Majina yamo vinywani mwa wavuvi. Mwalimu na ayaokote kabla wenyewe hawajaondoka nayo.