Mfumo wa Sola Hupimwa kwa Mota

Fundi akimaliza kufunga sola hukuwashia taa zote na televisheni, kisha husubiri chake. Usimlipe bado. Taa hazijawahi kuufichua mfumo mbovu. Mwambie awashe friji, halafu pampu ya kisima.

Mota iliyosimama, ili ianze kuzunguka, huvuta umeme mara 5 hadi 7 ya ule inaotumia ikishachanganya. Friji ya wati 120 inaweza kudai zaidi ya wati 600 kwa muda usiofika sekunde moja, kisha ikatulia. Pasi haina tabia hiyo: ya wati 1,000 huvuta wati 1,000 tangu mwanzo. Ndiyo maana inveta inayopiga pasi bila shida inaweza kushindwa na pampu ya wati 750.

Anza na macho na masikio. Taa ikikonyeza mara moja na mota ikashika mwendo, hapana neno. Taa ikififia huku mota inanguruma bila kuzunguka, kuna kasoro, na mota hiyo itaungua siku moja. Lakini hakikisha friji haikuzimwa muda mfupi uliopita. Kompresa huhitaji dakika kadhaa ili presha ya gesi ishuke. Ikilazimishwa kabla ya hapo hukwama hata kwenye umeme wa gridi. Mfungaji makini huweka kifaa cha kuichelewesha.

Kisha shika mita, ile yenye uwezo wa kunasa kiwango cha chini kabisa, kwa kuwa mita ya kawaida ni nzito kuona tukio la nusu sekunde. Pima kwenye vichwa vya betri wakati mota inawaka, kisha rudia kwenye vichwa vya inveta. Volti zikianguka kwenye betri yenyewe, betri ni ndogo, imechoka au haijajaa. Betri ikisimama imara lakini volti zikapungua zinapofika kwenye inveta, lawama ni ya waya na viungo. Kote kukiwa shwari na mota bado imegoma, inveta ndiyo iliyofika mwisho.

Waya ndipo mafundi wengi wanapobania. Wati 2,000 kwenye mfumo wa volti 12 ni takriban ampea 170. Kwenye volti 48 ni 42 tu. Waya wa shaba wa milimita za mraba 16, mita 2 kwenda na 2 kurudi, hupoteza karibu volti 0.7 kwa ampea hizo 170. Betri iliyoshuka hadi 11 itaifikishia inveta 10.3, na inveta nyingi za volti 12 hujizima zikifika karibu 10.5. Mwenye nyumba ataambiwa anunue inveta kubwa zaidi, kumbe dawa ni waya mnene na mfupi.

Kuhusu inveta, usiamini tarakimu kubwa za kwenye boksi. Uliza inabeba wati ngapi mfululizo, na hicho kilele inachojisifia inakihimili kwa sekunde ngapi. Yenye transfoma nzito ya shaba kwa kawaida huvumilia mota vizuri zaidi, ingawa hula umeme zaidi hata ikiwa haina kazi. Betri ya lithiamu nayo ina kidhibiti ndani: kikiwa cha ampea 100 kwenye volti 12.8, uwezo wake wa mfululizo hauzidi wati 1,280, hata ukiifungia inveta ya 5,000.

Fundi anayeondoa fyuzi ili pampu iwake, mwage mapema. Fyuzi iliyochaguliwa vyema hupitisha kishindo cha kuanzia na hukata hitilafu ya kweli.

Mtihani wa mwisho ufanyike alfajiri, betri ikiwa imetumika usiku kucha na paneli hazijaamka. Friji ikiwa inazunguka, washa pampu. Ikishika mwendo, lipa.