Mtihani Usiokuwapo: Silabasi ya Kumpata Mhadhiri wa Kiswahili, kwa Mfano wa Machakos

Utangulizi

Katika Kenya, mwanafunzi amalizaye kidato cha nne chini ya mfumo wa 8-4-4 hutahiniwa Kiswahili kwa karatasi tatu ambazo muundo wake haumfichiki mtu. Karatasi ya kwanza ni ya insha, nayo ina alama 40. Ya pili ni ya lugha, yenye alama 80: ufahamu 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40 na isimujamii 10. Ya tatu ni ya fasihi, nayo ina alama 80 zilizogawanywa baina ya tamthilia, riwaya, hadithi fupi, ushairi na fasihi simulizi. Silabasi imechapishwa, vitabu teule vimetangazwa, na mtahiniwa wa Machakos huingia chumba cha mtihani akijua atakachoulizwa kwa namna ile ile ajuavyo mwenzake wa Mombasa au Kakamega.

Mwalimu aliyemwandaa mtahiniwa huyo naye alifundishwa chuoni na mhadhiri. Swali ambalo makala haya yanakusudia kulichunguza ni hili: mhadhiri huyo, siku alipoajiriwa, alitakiwa athibitishe ujuzi gani, kwa silabasi ipi, na kwa lugha gani? Jibu fupi ni kwamba hakuna mtihani wala silabasi. Kuna mizani ya vyeti na machapisho, na kuna usaili. Makala haya yanadai kwamba mizani hiyo, ingawa ina sababu zake za haki, inaliacha bila kupimwa jambo ambalo mhadhiri wa lugha huajiriwa kwa ajili yake. Machakos umechaguliwa kuwa mfano kwa sababu mji huo una taasisi mbili za namna tofauti zinazotegemea wafundishaji wa Kiswahili, tena umo katikati ya Ukambani, ambako Kiswahili hujifunzwa na wengi juu ya msingi wa lugha nyingine ya Kibantu.

Milango miwili ya Machakos

Taasisi ya kwanza ni Chuo cha Ualimu cha Machakos, ambacho huwaandaa walimu wa shule za msingi. Mkufunzi wake huajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu. Ya pili ni Chuo Kikuu cha Machakos, kilichokuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta tangu 2011 na kupewa hati ya kujitegemea mwaka 2016. Huko mhadhiri huajiriwa na chuo chenyewe, chini ya viwango vinavyosimamiwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, ambayo iliundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012.

Milango hii miwili ina mabawabu tofauti, lakini inafanana kwa jambo moja: anayebisha huulizwa kwanza amesoma wapi na ana shahada gani. Katika chuo cha ualimu, mwombaji huja na shahada ya ualimu. Shahada hiyo, kwa kawaida, humwandaa mtu kufundisha shule ya sekondari. Basi hutokea kwamba aliyejifunza namna ya kufundisha riwaya kwa vijana wa miaka 17 hupewa kazi ya kumfundisha mtu mwingine namna ya kumsomesha mtoto wa miaka 6 silabi za kwanza. Cheti chake ni halali, na huenda akawa mwalimu hodari. Ila hakuna mahali popote katika safari yake alipoulizwa kuhusu kazi anayokwenda kuifanya. Pengo hili limepata uzito zaidi tangu 2021, vyuo vya ualimu wa msingi vilipoacha cheti cha zamani cha P1 na kuanza stashahada, maana mtaala umepandishwa daraja na mkufunzi anatarajiwa kupanda nao.

Katika chuo kikuu mambo yana sura nyingine. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa vigezo vya pamoja vya kuajiri na kupandisha vyeo wanataaluma. Shahada ya uzamifu ilifanywa sharti la kawaida la uhadhiri, na machapisho yakapewa alama za kujumlishwa, huku makala ya jarida lenye kupitiwa na wataalamu yakiwa ndiyo sarafu kuu. Sababu za hatua hiyo zinaeleweka. Katika miaka ile vyuo vikuu viliongezeka kwa kasi, na taasisi kadhaa za kiufundi ziligeuzwa kuwa vyuo vishiriki na kisha vyuo kamili. Bila kipimo kimoja, cheo cha mhadhiri kingeweza kumaanisha jambo moja Nairobi na jambo jingine mahali pengine. Kwa upande huo, vigezo vya 2014 havina budi kusifiwa: vilimnyima mwajiri nafasi ya kumpendelea ndugu au rafiki asiye na shahada.

Mizani inapima nini?

Hata hivyo, mizani hii hupima kazi iliyokwisha kufanywa na kuthibitishwa na wengine. Shahada ya uzamifu huthibitisha kwamba mtu aliweza, kwa miaka kadhaa na kwa msaada wa wasimamizi, kulichimba swali moja hadi chini. Haithibitishi kwamba anaweza kusimama mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza na kuwafafanulia upatanisho wa kisarufi. Mtu aweza kuandika tasnifu nzuri juu ya taswira katika utenzi mmoja, na bado asiweze kueleza kwa nini mwanafunzi wake hutamka "mbasi" badala ya "basi". Kwa upande wa pili, wapo wanafonolojia ambao hawajasoma diwani moja mpya tangu walipotoka shule ya sekondari. Idara ndogo, kama zilivyo idara nyingi nje ya Nairobi, haiwezi kumtenga kila mmoja katika chumba chake: mhadhiri mmoja hufundisha fonolojia asubuhi na ushairi alasiri.

Jambo la pili ni lugha ya mizani yenyewe. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Tasnifu za Kiswahili katika vyuo vya Kenya zimekuwa zikiandikwa kwa Kiswahili. Lakini vigezo vya kuajiri vimeandikwa kwa Kiingereza, na matangazo ya kazi katika vyuo vikuu vya umma hutolewa kwa Kiingereza, hata kama kazi yenyewe ni ya kufundisha Kiswahili. Hakuna kinacholazimisha umahiri wa mwombaji katika lugha atakayoifundisha usikike kabla hajaajiriwa. Enzi ya ukoloni, ofisa wa serikali aliyetumwa wilayani alitakiwa afaulu mtihani wa Kiswahili, ijapokuwa kazi yake ilikuwa kutoza kodi na kusikiliza kesi. Si busara kuutamani utaratibu wa enzi hiyo. Lakini ni ajabu kwamba mtoza kodi aliulizwa jambo ambalo mwalimu wa lugha haulizwi. Kinyozi, wasema wahenga, hajinyoi.

Njia nyingine: Uhindi na Tanzania

Yako mataifa yaliyochagua njia ya mtihani. Uhindi ilianzisha mtihani wa taifa wa kustahiki uhadhiri mwaka 1989. Kila somo lina silabasi iliyochapishwa. Mtahiniwa hufanya karatasi mbili kwa muda wa saa 3: ya kwanza ina maswali 50 juu ya ufundishaji, utafiti, ufahamu na mantiki, nayo ni moja kwa masomo yote, ya pili ina maswali 100 ya somo lake. Tangu Julai 2023, kanuni za nchi hiyo zimeufanya mtihani huu, au ule wa jimbo unaolingana nao, kuwa sharti la chini la cheo cha kwanza cha uhadhiri, na shahada ya uzamifu ikawa hiari kwa cheo hicho. Yaani Uhindi inamtaka mhadhiri afaulu mtihani hata kama hana uzamifu. Kenya inamtaka awe na uzamifu bila ya mtihani wowote.

Uzuri wa njia ya Uhindi ni uwazi. Kijana wa kijijini asiyemjua profesa yeyote anaweza kuisoma silabasi na kujiandaa. Ubaya wake umo katika namna ya kuuliza. Maswali yote ni ya kuchagua jibu. Swali la namna hiyo laweza kuuliza Kikamba kina vokali ngapi, na mtahiniwa akachagua 7. Haliwezi kumtaka aeleze tofauti ya vokali 7 na 5 inamletea mwanafunzi taabu gani anapoandika Kiswahili. Tena mtihani mmoja wa taifa zima una hatari zake: ule uliofanywa tarehe 18 Juni 2024 ulifutwa siku iliyofuata kwa shaka kwamba umevuja, na jasho la watahiniwa wengi likapotea.

Tanzania imejaribu njia ya kati. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma imeendesha usaili wa mchujo wa kuandika, ukifuatwa na mahojiano, kwa nafasi mbalimbali za umma zikiwamo za wanataaluma. Hapo mwombaji huandika kabla ya kusema. Lakini mchujo usio na silabasi iliyotangazwa kwa kila somo hubaki kuwa jambo la bahati: aliyesomea tafsiri huulizwa mofolojia, na aliyesomea mofolojia huulizwa historia ya fasihi.

Silabasi ingekuwa na nini?

Kama Machakos ungehitaji silabasi ya kumpata mhadhiri wa Kiswahili, ingefaa iwe na sehemu nne, na kila moja itokane na kazi yenyewe.

Sehemu ya kwanza ni ya matumizi ya lugha: mwombaji aandike kwa Kiswahili, papo hapo, maelezo ya dhana moja ya taaluma yake kwa msomaji asiye mtaalamu. Ya pili ni ya fasihi: apewe matini asiyoijua na aihakiki, ili ionekane kama anasoma au anakariri mahakiki ya wengine. Ya tatu ni ya ufundishaji: apewe insha ya mwanafunzi aisahihishe na aeleze kwa nini amesahihisha hivyo.

Ya nne, ambayo kwa Machakos ndiyo nzito kuliko zote, ni ya sarufi linganishi. Mwanafunzi wa Ukambani anapoandika "katoto kanalia", mwalimu wa kawaida huchora mstari mwekundu na kuandika "kitoto kinalia". Masahihisho ni sahihi, lakini hayafundishi kitu. Kikamba kina ngeli ya udogo ya ka- na tũ-: kana, mtoto, twana, watoto. Kiswahili sanifu hakitumii ngeli hiyo, na udogo huuonyesha kwa ki- na vi-. Mwanafunzi hajakosa mantiki. Ametumia sarufi kamili ya lugha yake mahali ambapo lugha nyingine imechukua njia tofauti. Kosa hilo, kwa hakika, husikika pia kwa wasemaji wa lugha nyingine za bara zenye ngeli hiyo. Vivyo hivyo na "mbasi": katika Kikamba sauti b, d na g huambatana na nazali, kwa hiyo msemaji huileta nazali hata pasipohitajika. Mhadhiri anayeyajua haya humwonyesha mwalimu mtarajiwa pa kuanzia. Asiyeyajua humwachia kalamu nyekundu tu.

Tena sarufi linganishi haifichui makosa peke yake. Inaonyesha na hazina. Anayesema mũndũ mũseo na andũ aseo tayari ameushika upatanisho wa mtu mwema na watu wema. Mwalimu aliyefundishwa kuliona hilo huanza somo la ngeli kutoka kwa kile mtoto anachokijua. Kwa kuwa mtaala wa umilisi unataka watoto wa madarasa ya kwanza wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, ujuzi huu umekuwa sehemu ya kazi, hauwezi tena kuhesabiwa kuwa pambo.

Pingamizi

Pingamizi la kwanza litakuwa kwamba mtu mwenye uzamifu amekwisha kutahiniwa vya kutosha, na kumtahini tena ni kumvunjia heshima. Heshima ya msomi haipungui kwa kuombwa aonyeshe kazi yake. Mwanamuziki hupiga ala kabla ya kupokewa katika bendi, na hakuna anayeona hilo kuwa tusi. La pili lina uzito zaidi: silabasi moja ya taifa ingeweza kuwafanya wahadhiri wote wafanane, na swali la Machakos lisingefaa Lamu, ambako mwanafunzi hutoka katika Kiamu na kukikuta Kiswahili sanifu kikiwa jamaa wa karibu mwenye desturi nyingine. Kwa sababu hiyo makala haya hayapendekezi mtihani wa taifa wa namna ya Uhindi. Yanapendekeza kwamba kila idara iandike na kuchapisha silabasi yake ya ajira, kwa Kiswahili, kabla ya kutangaza nafasi. Na kwamba wasailiwa wasikilizwe na jopo lenye angalau mtaalamu mmoja kutoka nje ya chuo.

Hitimisho

Vigezo vya 2014 vilijibu swali la nani amesoma vya kutosha. Havikukusudiwa kujibu swali la nani anaijua kazi ya kufundisha Kiswahili mahali fulani, kwa wanafunzi fulani. Kutokujibiwa kwa swali hilo hakumwumizi mhadhiri, kwa kuwa yeye amekwisha kuajiriwa. Kunamwumiza mwalimu anayetoka chuoni bila ya kuelezwa "katoto" limetoka wapi, na baada yake mtoto ambaye daftari lake hujaa wino mwekundu hadi akaamini kwamba Kiswahili si lugha yake. Idara itakayoandika silabasi ya kumwajiri mhadhiri wake italazimika kwanza kukubaliana juu ya jambo inalotaka wanafunzi wake walijue. Hilo peke yake ni kazi ambayo idara nyingi zimeiahirisha, na gharama yake ni karatasi chache na kikao cha wenye nia.