Sinema: Mnyama wa Kongo na Watu Wasio na Majina

Kati ya filamu ambazo vijana wa Mwadingusha na Likasi hupeana siku hizi kwa simu, zipo nyingi za namna moja. Wasafiri waingia porini, mnyama asiyejulikana awavizia, nao wapungua mmoja mmoja mpaka wanabaki wawili au watatu. Kwa kawaida hatuandiki habari za filamu hizo, maana nyingi hazistahili wino. Lakini hii ya Waingereza, iitwayo The Dinosaur Project, iliyotolewa mwaka 2012 na kuongozwa na Sid Bennett, yadai kwamba mambo yake yalitokea Kongo. Basi ni haki watu wa Kongo nao waseme neno lao.

Hadithi yenyewe ni fupi. Bwana mmoja, Jonathan Marchant, mkubwa wa chama cha Uingereza kinachotafuta wanyama wasiokubaliwa na wataalamu, asafiri mpaka Kongo kumtafuta Mokele-mbembe, anayesemwa kuwa dinosauri, yaani mmoja wa mijusi mikubwa ya zamani za kale, aliyebaki hai katika vinamasi. Mwanawe Luke, kijana mkaidi wa miaka kumi na mitano hivi, ajificha katika helikopta bila ruhusa. Mijusi yenye mabawa yaiangusha helikopta, na tangu hapo kazi ni kukimbia. Yote twayaona kwa kamera za wasafiri wenyewe, kwa sababu filamu yatuambia mwanzoni kwamba picha hizi, za muda wa saa 100, ziliokotwa zikielea mtoni.

Hila hii ya picha zilizookotwa ilipata sifa kubwa tangu mwaka 1999, ilipotoka filamu ya Kimarekani The Blair Witch Project, ambayo ilitengenezwa kwa fedha kidogo sana ikarudisha mamilioni. Sababu yake ni nyepesi kufahamu. Kamera ikitikisika, mtazamaji haoni kwamba fedha ilipungua. Tena giza na kelele ni bei rahisi kuliko mnyama. Hatuilaumu The Dinosaur Project kwa umaskini wake. Mafundi wenye fedha nyingi wametuonyesha madude ya kuchosha kuliko haya, na usiku katika filamu hii unatisha kweli, hasa pale tusipoona kitu ila taa ndogo na nyuso zenye hofu.

Tena tuseme wazi kwamba moyo wa filamu si mnyama. Moyo wake ni baba aliyezijua alama za miguu ya wanyama wote asijue habari za mwanawe. Luke amfanya rafiki mjusi mmoja mdogo, amfunga kamera, na kwa dakika chache twautazama msitu kwa jicho la mnyama. Ni wazo zuri sana, na vijana waliolitazama walicheka kwa furaha. Halafu yupo Charlie, msaidizi wa Jonathan, ambaye amemtumikia mkubwa wake kama mwana, akidhani urithi ni wake. Mwana wa damu anapotokea, wivu waanza kumla Charlie ndani kwa ndani. Wivu huo ulitutisha kuliko meno yote ya mijusi, maana tumeuona pia katika nyumba zisizo na dinosauri.

Basi shida iko wapi? Ni katika Kongo yao.

Filamu ilipigwa Afrika ya Kusini. Hilo peke yake si kosa. Filamu ya Disney iitwayo Baby, ya mwaka 1985, nayo ni ya dinosauri wa Kongo, na ilipigwa Ivory Coast. Lakini mtu akipiga picha mbali na mahali anapopasema, hana budi kuuliza wenyeji pakoje. Hapa Kongo yote ni msitu mmoja wa kijani, bila barabara, bila shamba, bila kanisa, bila soko. Habari za Mokele-mbembe zatoka Likouala, katika Kongo ya Brazzaville, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka kwetu. Mtu wa Mwadingusha hana msitu wa namna ile. Ana miombo, na majani makavu yanayowaka moto kiangazi, na ziwa la Tshangalele lenye mitumbwi ya wavuvi. Vijana wetu walicheka walipoona "Kongo" ile. Mtoto wa Ulaya hacheki, yeye huamini.

Na watu? Yupo Amara, mwanamke wa kuongoza njia, aliyechezwa na Abena Ayivor. Yeye ana jina, na uso wake una akili. Zaidi yake twaona kijiji kitupu ambamo wageni walala usiku. Nani alijenga vibanda vile? Waliokuwa wakikaa humo wamekwenda wapi, au wamekufa namna gani? Nani anawalilia? Filamu haiulizi. Mzungu mmoja akifa, wenzake walia na kamera yatetemeka. Kijiji kizima kikitoweka, ni dalili tu kwamba mnyama yu karibu.

Pengine msomaji atasema: ni mchezo tu, mbona mwatafuta neno? Twatafuta neno kwa sababu mchezo huu una babu yake, na babu huyo alizaliwa huku kwetu Katanga.

Mwezi wa Desemba mwaka 1919 gazeti la Times la London lilichapa habari iliyotoka Port Elizabeth, Afrika ya Kusini. Ilisemwa kwamba Bwana Lepage, msimamizi wa kazi za reli katika Kongo ya Wabelgiji, alikuwa akiwinda mwezi wa Oktoba akakutana na dude la ajabu. Urefu wake ulikuwa futi 24, yaani zaidi ya meta 7. Lilikuwa na pua ndefu iliyochongoka, meno kama pembe, na pembe fupi juu ya pua. Miguu ya mbele ilikuwa kama ya farasi, ya nyuma ilikuwa na kwato zilizogawanyika, na begani lilikuwa na nundu yenye magamba. Lilimfukuza Lepage, halafu likaingia kijiji cha Fungurume, likabomoa nyumba na kuua baadhi ya watu. Gazeti likaongeza kwamba serikali imekataza mnyama huyo asisumbuliwe, kwa kuwa huenda ni mabaki ya zamani za kale.

Fungurume twaijua wote. Iko katika njia ya Likasi kwenda Kolwezi, na leo malori ya shaba na kobalti hupita huko mchana na usiku. Mwaka 1919 gazeti lilisema jirani yake ni pori lisilo na njia. Ajabu! Reli ilikuwa imekwisha kupita upande huo, ikafika Bukama mwaka 1918, na huyo Lepage mwenyewe alisemwa kuwa mtu wa reli. Pori lisilo na njia, lenye reli ndani yake!

Habari ikazaa nyingine. Akatajwa Mbelgiji mwingine, Gapelle, kuwa naye amemwona mnyama wa ajabu. Mwenye kupenda kuchezea herufi azipange upya herufi za jina hilo, ataona jinsi lilivyo karibu na Lepage. Kapteni mmoja, Leicester Stevens, aliondoka London na mbwa wake Laddie kwenda kumwinda dinosauri. Baadaye ikaandikwa kwamba yote ilikuwa mzaha wa watu. Lakini mzaha una miguu mirefu kuliko masahihisho yake; hata leo vipo vitabu vinavyoieleza habari ya Fungurume kama ushahidi.

Sasa tuwafikirie wale wafu. Hakuna mnyama, basi hakuna aliyeuawa naye, na twashukuru. Lakini aliyetunga mzaha alihitaji maiti ili mnyama aonekane mkali, akachukua maiti za Fungurume kwa sababu zilikuwa bei rahisi. Hakuandika hata jina moja, wala wasomaji wa London, kwa kadiri tujuavyo, hawakuuliza. Kama angeandika kwamba dude limeingia kijiji cha Uingereza na kuua watu, kesho yake wangedai majina ya marehemu, na uongo ungekufa siku hiyo hiyo. Kwetu haukufa, kwa kuwa hakuna aliyeona lazima ya kuhesabu.

Na tazama jambo lililotokea wakati ule ule. Mwaka 1919 ulikuja Afrika msafara wa Smithsonian, jumba kubwa la elimu la Marekani, pamoja na kampuni ya sinema ya Universal. Kiongozi wake alikuwa Edmund Heller. Walitaka kukusanya wanyama na mimea, na kupiga picha za sinema. Huku Katanga, upande wa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, gari la moshi lilipata ajali, na wawili wao wakafa: William Stowell, mchezaji wa sinema, na Daktari Joseph Armstrong. Wao walikufa kweli, na majina yao yameandikwa, kama ipasavyo. Baadaye waandishi wengine wakaichanganya ajali hiyo na habari za dinosauri, hata treni ikafanywa sehemu ya hadithi ya mnyama. Hivyo walio hai walifanywa wafu kwa mzaha, na waliokufa kweli wakatiwa katika ngano.

Hata kabla ya hapo, misafara ilikuwa na desturi yake ya kuhesabu. Mwadingusha yafaa kulijua hilo. Maporomoko yetu ya Lufira yalipewa jina la Jules Cornet, mtaalamu wa mawe, na mtambo wa umeme ulioanza kazi mwaka 1930, ukalisha viwanda vya shaba vya Likasi, ulipewa jina la Francqui. Wote wawili walikuja Katanga katika msafara mmoja, ule wa Bia na Francqui, wa miaka ya 1891 mpaka 1893. Kapteni Bia alifariki Ntenke mwezi wa Agosti mwaka 1892, na vitabu vyalitaja kaburi lake. Katika msafara huo wapagazi na askari weusi wengi walikufa, hasa kwa njaa, kwa kuwa nchi ilikuwa imeharibika baada ya kuuawa Msiri. Mnyama aliyewala alikuwa njaa. Ni maporomoko gani yaliyopewa jina la mpagazi?

Ndiyo maana hatukuweza kukitazama kijiji kitupu cha filamu kama pambo tu. Hatusemi mwongozaji ana nia mbaya. Labda hakuwahi kusikia jina la Fungurume. Amerithi namna ya kusimulia. Katika namna hiyo mgeni ni mtu, na mwenyeji ni sehemu ya pori.

Wala hatusemi hadithi za kutisha ni mbaya. Bibi zetu walitutisha vizuri sana. Lakini angalieni: zimwi la hadithi zetu likimla mtoto, mtoto huyo ana mama, mama analia, ndugu wanatoka kumtafuta, na mara nyingi tumbo la zimwi lapasuliwa na watu watoka wazima. Hadithi yajua nani amepotea. Hofu yake yazidi kwa sababu hiyo, maana tumempenda mtoto kabla hajaliwa. Na bibi hasemi kamwe kwamba ameiokota hadithi mtoni na kwamba ni kweli tupu.

Neno moja la pembeni kwa wanaotuuliza juu ya imani. Tangu Roy Mackal wa Chicago aende Likouala mwaka 1980 na 1981, misafara kadhaa imemtafuta Mokele-mbembe, nayo yote imerudi bila mnyama. Wakristo wengine wamekwenda kwa tumaini kwamba dinosauri hai ataangusha mafundisho ya wataalamu juu ya umri wa dunia. Mkatoliki hana haja ya mnyama huyo. Papa Pius XII, katika barua yake ya mwaka 1950, aliruhusu wenye elimu wachunguze na kujadiliana asili ya mwili wa mwanadamu, na Yohane Paulo II alilisema jambo hilo tena mwaka 1996. Mjusi akipatikana, vema. Asipopatikana, Jumapili ni ile ile.

Kwa wazazi na viongozi wa vijana: filamu haifiki saa moja na nusu. Hakuna uchafu, ila vifo na hofu vipo, hata wadogo wasiofika miaka kumi na miwili wasiitazame usiku. Kwa vijana wakubwa yafaa, kama baada yake watakaa kidogo wazungumze. Swali la kuanzia laweza kuwa hili: kama kijiji kile kingekuwa chetu, nani alikuwa anakaa katika nyumba ya kwanza, na jina lake nani?